Kidole Kilichostaafu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Shikamoo yako ilinichekesha, maana nipo kidato cha tatu tu. Lakini bibi yako ni dada yangu mkubwa, kwa hiyo babu yako ni mimi. Huku Morogoro tumebaki wawili, mama na mimi. Milima imefunikwa na mawingu tangu Jumatatu, na gitaa la baba linaning'inia palepale ukutani.

Umeuliza jina la ule mkao wa vidole niliokupigia kwenye simu. Baba aliupiga hivyo miaka yote. Siku moja, mbele ya wageni, nilimsahihisha: "Baba, hiyo ni C. Kidole cha shahada hujakibonyeza."

Akakitazama kidole chake, ambacho hakikukunjika tena tangu alipoumia ujanani. "Hiki kimestaafu, mwalimu," akasema. Wageni wakacheka, mimi nikaenda kujificha jikoni.

Mwezi uliopita, maktabani, niliukuta mkao huohuo kwenye kitabu cha gitaa. Uzi wa pili unaachwa wazi, na mkao huo unaitwa C meja seveni. Kumbe baba hakukosea. Nikaunakili mchoro kwa rula ili nikamwonyeshe, na nilikuwa nachora uzi wa mwisho nilipokumbuka kwamba tulishamzika.

Sikuwa na mtu wa kumpa mchoro ule, kwa hiyo nimeukunja humu ndani ya barua. Vidole vyako vyote vinakunjika, Zuhura. Hicho cha shahada kiinue kwa makusudi.

Babu yako,
Idi