Kahawa ya Kutafuna Darasani

Mjukuu wangu Asimwe,

Huku Kanoni tu wazima, na mama yako amepona mguu. Unaniuliza kama kosa moja linatosha mtu kufukuzwa chuo.

Chuo chetu cha ualimu kilikataza chakula darasani, nami nilificha mfukoni kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa. Siku moja akaja mkaguzi mzee. Kwetu mgeni hakai bila kupewa kahawa, basi nikajisahau: nikapiga magoti, nikampa. Mkuu wa chuo, aliyemleta, akanikazia macho, nikajua nimefukuzwa. Mkaguzi akatafuna, akashukuru, nami nikapumua.

Adhabu nilipewa: kupalilia migomba. Jioni mkuu akanifuata shambani, akanyoosha kiganja.

“Imebaki?”

Nikampa, nikaendelea kupalilia.

Bibi yako