Kioo cha Picha Yako

Tata,

Shikamoo, baba. Ulizoea kuitikia marahaba kabla sijamaliza neno, ukiwa umeinamia kazi, hunitazami. Leo nimeiandika nikasubiri kidogo kabla ya kuendelea. Nisamehe ujinga huo.

Nianze na kosa langu. Nimetoa kioo kwenye fremu ya picha yako, ile tuliyoibeba mbele ya jeneza lako. Mama amenikasirikia tangu Jumanne. Wewe nadhani ungeuliza tu kama ni kinene.

Ni chembamba, Tata. Sikuwa na kingine.

Tangu uondoke, kaka Amosi ndiye mrithi kama ulivyotaka, na kibanja chote cha migomba ni chake. Silalamiki. Ila wazee wa Kibingo wamekuja mara mbili na rubisi yao, pombe ya ndizi, wakaketi sebuleni kwako, wakamwomba mke wao arudi. Mke wao ni mimi. Amosi akawajibu kwamba nina kazi kwenye ofisi ya usharika wa kanisa, kwa hiyo wasubiri; kazi ikiisha atanirudisha. Aliyasema hayo nikiwa nimesimama palepale na sinia mkononi, kama anazungumzia gunia la kahawa lililohifadhiwa kwa jirani.

Kazi yenyewe unaijua. Nachapa kwenye ile kompyuta iliyoachwa na watu wa misaada walipofunga kambi za wakimbizi. Uliiona mara moja, ukauliza jenereta lake linakula dizeli kiasi gani. Ndani yake kuna kidude kama kiberiti, ndicho ubongo wake, nacho kinachemka. Juu yake kimekaa kipande cha alumini chenye mapezi, na feni juu ya hayo mapezi. Alumini ikilala vizuri juu ya ubongo, joto linapanda na kupulizwa. Yetu haikulala. Ikifika saa nne asubuhi kioo cha kompyuta kinakuwa cheusi na nilichoandika kimepotea. Fundi wa Bukoba alikuja, akasema kipande kimepinda, kipya kitaagizwa, lini hajui. Mchungaji akaniambia kwa upole, "Binti, tutavumilia mpaka mwisho wa mwezi. Isipopona, kazi haitakuwepo."

Nikawa nakaa mle chumbani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi la barabara, sikio kwenye feni. Ikibadilisha sauti tu, naacha kuchapa. Nilikuwa naiona njia ya Kibingo hadi kwenye ukuta.

Nikachukua msasa wako wa karakana. Nilikifungua kile kipande, nikakishika mkono wa kushoto, nikasugua kwa mkono wa kulia mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Nikajisifu. Kesho yake kompyuta ikazima saa tatu, mapema kuliko mwanzo. Nililia, Tata, mlango nimeufunga.

Hapo ndipo nilipokumbuka siku ile nilipomkimbia mume wangu wa Kibingo mara ya tatu. Mara ya kwanza na ya pili ulinipandisha kwenye karia ya baiskeli ukanirudisha. Kwa hilo bado nina hasira na wewe, na sijui niiweke wapi sasa. Mara ya tatu nilifika mdomo umepasuka. Uliutazama, ukaingia karakana, ukatoka na silinda hedi, kifuniko cha injini ya mashine ya kusaga ya Chonyonyo, ukaniwekea mikononi. Kioo kinene mezani, msasa juu yake, mafuta ya taa. "Shika chini, Koku. Ukishika juu inayumba." Hakuna aliyeniuliza nitarudi lini. Tulisugua mpaka Mama akatuita kula, na nilipokuonyesha inavyong'aa ulicheka. "Hii umeipamba kama bibi harusi. Haya, paka masizi tuone kama imenyooka."

Basi Jumanne nililaza kioo cha picha yako kwenye sakafu ya saruji ya ofisi, nikakipaka masizi ya koroboi, nikakandamiza kipande. Weusi ulishika katikati tu, duara dogo kama sarafu. Kwa kusugulia mkononi nilikuwa nimetengeneza kilima, kingo hazigusi. Nikafuta, nikaweka msasa juu ya kioo, ule mkali kwanza, halafu laini, maji na sabuni, vidole chini kabisa, nikizungusha robo kila baada ya muda kama ulivyonifundisha. Siku mbili magoti yaliniuma. Alhamisi alasiri masizi yalishika kona hadi kona. Fundi redio wa sokoni Ihanda akanipa tone la ile dawa nyeupe ya kupitisha joto anayopaka chini ya transista, nikaipaka, nikakifunga kipande mahali pake.

Ijumaa saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Saa kumi bado inawaka, na mimi sikuwa nachapa tena, natazama saa ya ukutani tu.

Nilidhani nitafurahi. Amosi aliposikia alisema, "Basi ngoja wasubiri zaidi." Hicho ndicho nilichopata. Nitakaa nyumbani kwenu maadamu kipande cha alumini hakijashindwa na joto. Jenereta likifa, mchungaji akihamishwa, nafunga mzigo. Bado nasikiliza feni, Tata. Hata leo kanisani niliisikia.

Kioo nimekirudisha kwenye fremu. Kimechubuka, uso wako unaonekana kama uko nyuma ya ukungu wa asubuhi. Mama anataka kingine. Nimemwomba akiache.

Uliniacha nikae lakini hukuwahi kuniuliza nataka nini, kwa hiyo sikupata nafasi ya kukuahidi. Nakuahidi leo. Kompyuta ikifa, sitapanda karia ya baiskeli ya mtu yeyote, hata ya Amosi. Nitatoa hiki kioo tena, niweke meza kando ya barabara ya Chonyonyo, ninyooshe hedi za mashine, ambazo huko hazijaacha kupinda. Wazee wa Kibingo wakija na rubisi yao watanikuta hapo, nimeshika chini.

Pumzika, Tata. Baiskeli yako nimeing'oa karia.

Binti yako,
Koku