Taulo la Mama

Mwenzangu, upo? Nina hasira leo!

Kaka kaja na lile gari lake jipya la spoti. Jekundu, viti viwili tu, limelala chini kama limekanyagwa. Mama tangu asubuhi kasimama getini na gauni lake la harusi za watu. Alijua yeye ndiye wa kwanza kupanda.

Unajua kaka kafanya nini? Katandika taulo kwenye kiti. TAULO! Eti, "Mama, kaa juu ya hilo, kiti ni cheupe. Na viatu vua, vishike mkononi."

Mama kavua. Nakwambia kavua, kavishika mkononi!

Wamezunguka mtaa mara moja. Kurudi, mama hawezi kutoka, magoti yale unayajua. Akashika mlango ajivute. Kaka akafoka, "Usishike hapo, utaacha alama!"

Sasa ashike wapi, we zuzu?

Katoka kwa kutambaa. Mama yangu! Magoti na viganja vumbini, majirani wanatazama. Na kaka anafuta mlango. Mama yuko chini, yeye anafuta mlango!

Nimemwinua mimi. Nikajua atalia. Wapi!

Sasa hivi yuko uani. Kalifua lile taulo, anasubiri likauke alipige pasi. Nikamuuliza, "Mama, la nini tena?"

Kasema, "Mpelekee mwenyewe. Mwambie asiwe na wasiwasi, sikuegemea kiti."