Redio Inayosahau Saa

Bugarama, 9 Juni 2025

Mwanangu Keza,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Nyamahanga? Sisi wazima. Mama yako anakusalimia, ana kikohozi kidogo tu cha vumbi. Nakuandikia ujumbe kwa sababu maiki ya simu yangu imekufa, nikipiga hunisikii.

Spika ulizonifungia kwenye gari la matangazo zinanitia aibu. Jana nilikuwa natangaza msiba wa mzee Habonimana. Nikasema, "Tunasikitika kuwatangazia kifo cha," zikakata. Watu wakatoka mashambani mbio kuniuliza ni cha nani. Nikawajibu mmoja mmoja mpaka koo likakauka. Wewe ndiye fundi umeme wa magari, mimi ni mdomo tu. Nifanyeje?

Baba yako,
Leonidasi

Nyamahanga, 10 Juni

Baba mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Mimi mzima, gereji imejaa kazi. Mpe mama pole, apunguze kufagia uwanja.

Spika hazina kosa. Amplifaya ikiwasha taa nyekundu na kukata, ina njaa ya moto, umeme wa betri hauitoshi. Fuata ule waya mnene mweusi chini ya kiti mpaka ulipofungwa kwenye bodi ya gari. Fungua nati, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kisha kaza. Angalia na fyuzi karibu na betri. Uniambie pia inakata wakati gani, na redio ya gari inafanyaje.

Mwanao,
Keza

Bugarama, 13 Juni

Marahaba mwanangu. Nimekwangua mpaka nimejikwangua kidole. Fyuzi ni nzima. Bado.

Asubuhi zinakata kila neno, jioni zinaongea vizuri, ungedhani si zenyewe. Na redio yako kila asubuhi saa yake imerudi mwanzo, stesheni zote imezisahau. Gari lenyewe vijana wananisukumia mteremkoni ndipo liwake. Nimechoka, mwanangu. Mama yako anakusalimia.

Baba yako

Nyamahanga, 13 Juni, mchana

Shikamoo tena baba. Mama hajambo?

Saa ya redio haipotei kwa waya mbovu. Inapotea betri ikifunguliwa. Na betri iliyochaji mchana kutwa haiamki imekwisha kila siku kama haikufanya kazi nyingine. Jioni nani anaitoa kwenye gari, na inakwenda wapi?

Nijibu, baba.

Keza

Bugarama, 17 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Umenikamata. Mama yako alinikataza kukuambia.

Hawezi tena kulala chali. Anakaa ameegemea magunia ya maharage, anasema hewa haimfikii. Hospitali walituambia moyo umechoka, wakatupa dawa, wakaturudisha nyumbani. Kile kifeni cha garini, ukikielekeza usoni, anapumua na kusinzia. Umeme nyumbani hatujavuta, wajua mwenyewe. Basi betri inalala chumbani kwake.

Nikiiacha ndani, sina kazi, na bila kazi hakuna dawa. Nikiiacha garini, mama yako hana upepo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Usimwambie nimesema.

Baba yako

Nyamahanga, 18 Juni

Baba yangu, shikamoo.

Ningefanya hivyo hivyo. Nimelia hapa gereji nzima ikinitazama. Nyaya nazijua baba, moyo siujui.

Nimepata betri nyingine, nzuri. Kesho alfajiri napanda gari kuja nayo, itakuwa ya mama peke yake. Leo ndiyo mwisho wa kuitoa hiyo. Mwambie anisubiri.

Mwanao,
Keza

Bugarama, 19 Juni, asubuhi

Mwanangu Keza,

Najua uko njiani na salamu leo zinanishinda. Nakuandikia usije ukashuka njia panda ukanisikia kwanza kwenye spika.

Mama yako ametutoka jana, jua likizama. Nilikuwa nje nafungua betri, jirani yetu Anjelika akaniita. Nikaingia nimeibeba, nikakuta ameshatulia. Sikujua niiweke wapi. Nikairudisha garini.

Walitaka mtu mwingine atangaze, nikakataa. Leo gari limewaka kwa ufunguo, hakuna aliyelisukuma. Nimezunguka Bugarama yote, nimetaja jina lake lote na saa ya mazishi. Nilitamani spika zikate, mwanangu. Hazikukata hata mara moja.

Baba yako