Kunguni za Kitanda ya Nekesa

Jumamosi usiku

Mama anataka kuchoma kitanda. Ati dada yangu Nekesa anatoka hospitali Bungoma kesho na mtoto mchanga, na mtoto hawezi lala na kunguni.

Najua zilitoka wapi. Jirani alifiwa, tukamwazima godoro ya wageni wa matanga, ikarudi nazo. Lakini utamwambiaje mjane hiyo maneno? Mama alisema, "Nyamaza, Wekesa. Watasema tuko wachafu."

Si uchafu, bana. Nimeziangalia na tochi ya simu. Mchana zinabanana kwa viungo vya mbao, usiku zinatoka kufuata joto na pumzi ya mtu. Sisi tulikuwa tunaanika godoro kwa jua na kuacha kitanda ndani. Si ndiyo nyumba yao!

Nilifungua mbao zote nikamwagia maji ya kuchemka. Baada ya wiki nikarudia, kwa sababu mayai zile maji haikufikia zilikuwa zimeanguliwa. Hapo ndipo watu wanakosea. Wanaua wazazi, wanasahau watoto.

Leo nikamwambia Mama, hata sijui sauti ilitoka wapi, "Usichome. Wacha nilalie mimi kwanza."

Akacheka. "Ati daktari wa kunguni! Wakikuuma je?"

"Basi choma."

Sasa niko hapa. Shuka ni nyeupe, shati nimetoa. Naogopa kidogo tu, kwa sababu ya mtoto.

Asubuhi, kabla Nekesa afike, nitampea Mama mgongo aangalie.