Amotisere Nilizochagua kwa Jina Lako

Papa,

Nimesema uongo nikautia mdomoni mwako. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata padri. Nilimwambia Papa Mdogo kwamba kabla hujakata roho uliacha neno juu ya pikipiki: nyuma ifungwe amotisere laini za kumeza mashimo, na isibebe gunia tena.

Wewe na mimi tunajua hukusema hivyo. Mchana ule hospitalini nilikuwa peke yangu nawe. Uliomba maji. Uliuliza kama viazi vya watu vimeokotwa. Kisha ukageukia ukuta, na mimi nikadhani umelala. Hayo ndiyo yote. Na maisha yako yote ulisema kinyume, wewe uliyekuwa ukipiga kiti kwa kofi na kucheka: "Piki ngumu ndiyo inalisha batoto."

Nakuandikia nikiwa Makobola kwa Mama Mkubwa, dada yake Mama, nyuma ya nyumba, pale anapoanika samaki wake wadogo wa ndagala. Shule nimeiacha. Mwalimu wetu alivuka ziwa kwenda Burundi na hakurudi, na darasa likalaliwa na askari. Kwa hiyo sasa sina mahali pa kuandika ila hapa, na sina mtu wa kumwandikia ila wewe.

Nianze pale ulipotuachia.

Baada ya kukuzika tuliisukuma pikipiki mpaka Rugenge kwa Fundi Sadiki, akachomelea lile sikio la fremu lililokatika siku ulipoanguka kwenye mteremko wa Bijombo. Kabla ya kuwasha moto wake aliniita nione. Katikati ya resori, zile springi za amotisere, kulikuwa na vile vipande vya raba ya tairi, vimebanwa mpaka vimekuwa kama mawe. Unavikumbuka. Ulikuwa unanipa tairi kuukuu na kisu cha jikoni, nami nakaa mlangoni nakata, wewe unaingiza kimoja kimoja kwenye resori ili pikipiki isizame chini ya magunia. Kila mtu anayeshusha viazi kutoka mlimani anafanya hivyo. Na ni kweli, haizami. Lakini haipumui pia. Gurudumu likigonga jiwe, pigo linapanda lote mpaka kwenye fremu, na fremu ilikuwa na miaka mingi kuliko mimi.

Nilivitoa vile vipande nikavifunga kwenye kitambaa changu cha kichwa. Papa, sikulaumu. Nilikuwa nataka tu visionekane na Mama.

Amotisere moja ilikuwa imepinda, ya pili imepasuka. Ilibidi kutafuta nyingine mbili, na haraka, kwa sababu ya Mama.

Mama alikuwa ametokwa na damu siku ya tatu ya kilio. Kidogo, lakini ilikuwa damu. Muuguzi alimpapasa tumbo akasema mtoto ni mzima, ila mama asitembee mbali na asitikiswe, la sivyo mtoto atatoka kabla ya wakati wake. Alipokuwa akisema hayo tulisikia mizinga upande wa tambarare ya Ruzizi, naye akaanza kufunga dawa zake kwenye boksi. Nilimtazama akifunga. Nikaelewa kwamba Mama atakimbia, apende asipende, na kwamba atakimbia juu ya pikipiki yako.

Papa Mdogo alileta amotisere kutoka Bujumbura. Nyekundu, mpya, bado ziko ndani ya nailoni. Zilikuwa za zile pikipiki za magurudumu matatu zinazobeba simenti. Alizishika juu kama mtu aliyevua samaki mkubwa. "Ona nguvu," aliniambia. Nisimseme vibaya. Alikuwa anakumbuka mara ile tulipokimbia bila unga, tukala sombe, majani matupu ya muhogo, bila chumvi mpaka meno yakawa meusi. Alitaka gunia zima la unga lifungwe nyuma, na Mama akae juu yake. "Gunia ni godoro," alisema. Hilo ndilo wanalosema wote hapa kwetu, wewe pia ulilisema. Mtu anaona kitu laini juu, anafikiri njia nayo imekuwa laini.

Papa Mdogo na Fundi walipoenda kula nilizifunga zile nyekundu kwa mkono, bila kukaza. Nilikaa kwenye kiti kama ulivyonifundisha, miguu juu, nikajiachia na uzito wangu wote. Haikushuka hata kidogo. Kama kukaa kwenye ukuta wa kanisa. Halafu zilikuwa ndefu kupita zetu. Mkia wa pikipiki uliinuka na mnyororo ukakaribia kusugua chuma cha chini. Nilijaribu kumwona Mama pale nilipokaa, na yale mashimo ya barabara ya kusini, baada ya Kalundu. Nilishuka nikazifungua.

Nyuma ya karakana ya Fundi Sadiki kuna mzoga wa pikipiki kama yetu, ya miaka ileile, ambayo misheni moja iliitupa. Amotisere zake zilikuwapo, Papa. Ya kushoto ilikuwa inashikilia mlango wa banda la kuku. Niliibana ukutani kwa kifua: ilishuka taratibu, ikarudi taratibu, kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Urefu ulikuwa sawa na zetu, sikio kwa sikio. Lakini ya kulia iliruka kama mpira. Mafuta yalikuwa yamekwisha ndani. Resori bila mafuta ni kitanda cha watoto wanaorukaruka. Ingemrusha Mama vibaya kuliko zile ngumu.

Fundi alisema inafunguka, za zamani zinafunguka, ila kile kiraba kinachozuia mafuta yasitoke hatakipata Uvira nzima. Atakata kingine kwa mkono. "Inaweza kufika, inaweza kutofika," alisema. "Weye ndiye utasema." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nilisimama pale nimeshika kitu kizito chenye kinyesi cha kuku, na midomo yangu ikawa mikavu kama siku ile nilipoitwa ubaoni nikashindwa kutaja hata jina langu.

Ningefika vipi mbele ya Papa Mdogo na kumwambia mimi nimechagua? Unamjua. Angecheka bila ubaya, angenipapasa kichwa, na angefunga zile nyekundu. Njiani nilitafuta maneno yangu sikuyapata. Nikachukua yako.

Nilimkuta uani. Nilisema nikitazama vidole vya miguu yake. Nilisema Papa aliacha neno.

Unajua kwetu neno la marehemu halibishwi. Hata shamba la kugombaniwa watu huliacha likitajwa. Akauliza polepole, "Weye, neno iyo uliificha wapi siku zote za kilio?"

"Nilikuwa ninalia," nikajibu.

Akaniamini. Ndivyo nilivyo, kila mtu anajua, mimi ndiye mtoto ambaye hata kiu hasemi. Aibu yangu ndiyo iliyonitolea ushahidi. Alizirudisha zile nyekundu ndani ya nailoni yake na kutikisa kichwa, akisema yaya wake, kaka yake mkubwa, alikuwa mtu wa ajabu, miaka yote anafunga ngumu na mwisho anataka laini.

Fundi alikata kiraba, akatia mafuta ndani ya ile ya kulia, tukazifunga zile za mzoga. Nilikaa kwenye kiti, ikashuka upana wa vidole viwili, ikanipokea. Nilitaka kulia.

Asubuhi ya kukimbia hapakuwa na mtu wa kutuambia. Watu tu, barabara nzima, wameelekea kusini na magodoro kichwani, na sauti ya mizinga sasa ikitetemesha vifuniko vya sufuria. Nilipotoka na kanga ya Mama nilimkuta Papa Mdogo ameshalifunga gunia la unga nyuma ya pikipiki. Amotisere zilikuwa zimezama mpaka mwisho, resori imefungana kabisa.

Nilisema, "Papa alikataza gunia."

Hakugeuka. Alikaza kamba. Alisema marehemu hali unga, sisi tunakula. Alisema kama neno hilo lilikuwa kweli lingekuwa na shahidi wa pili, maana mke analala na mumewe miaka yote na hajalisikia, ila mtoto mmoja tu ndiye amelisikia. Kisha akanitazama. Kama angeuliza swali moja tu zaidi ningesema kweli yote, hapo hapo, na Mama angepanda juu ya gunia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja chini ya tumbo. Yeye ndiye aliyekusikia kila jioni ukisifu piki ngumu. Alinitazama muda mrefu. Sijawahi kutazamwa hivyo naye.

"Fungua gunia, shemeji," alisema. "Na minye, mke wake, aliniambia."

Tuligawana unga ule kichwani, kila mtu na fungu lake. Papa Mdogo aliendesha kwa mwendo wa watu wa miguu, Mama nyuma yake amekaa upande, mimi nikitembea nyuma ya gurudumu. Mpaka Kalundu sikutazama ziwa wala watu. Nilitazama amotisere ya kulia. Shimo linakuja, gurudumu linazama, resori inajikunja, inajikunjua, na mgongo wa Mama unabaki mahali pake. Shimo jingine. Tena mgongo wake umebaki. Nilikuwa nahesabu pumzi zake kana kwamba ni zangu.

Baada ya Kigongo niliona mstari mweusi. Mafuta yalikuwa yanatiririka juu ya chuma, membamba, kisha mapana, vumbi likiyashika. Kiraba cha Fundi kilikuwa kimeanza kushindwa. Kwa nyuma pikipiki ikaanza kuchezacheza upande wa kulia, na mara moja Mama akatoa sauti ndogo, ile anayoitoa akichomwa na mafuta ya kukaanga.

Nikauteremsha unga. Nilimpa mama mmoja asiye na mzigo, sikumjua, na sikumwona tena. Nikashika chuma cha nyuma, na kila shimo lilipokuja nikakiinua kwa mikono yangu miwili kabla gurudumu halijazama. Papa Mdogo alihisi, akageuza shingo, akanikuta nimeinama. Alipunguza mwendo zaidi. Tulikwenda hivyo, nikiwa mimi ndiye amotisere ya kulia, mpaka moshi wa samaki wa Makobola.

Mama Mkubwa alimlaza dada yake. Mimi nilikagua kanga ya Mama kabla ya mtu mwingine. Ilikuwa safi, Papa. Vumbi tu.

Nje, Papa Mdogo alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikipiki. Aligusa mafuta kwa kidole, akayanusa, akatazama resori. "Ingekuwa zile nyekundu na gunia," alisema, akaacha sentensi hapo. Kisha akasema, "Yaya alijua." Akafuta macho kwa mkono uleule wenye mafuta, akabaki na alama shavuni.

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo, kweli. Lakini alikuwa amepata kitu kutoka kwako, na mimi ndiye ningemnyang'anya.

Sasa habari za leo. Mama bado amelala, miguu juu ya mto, mtoto anampiga mateke na muda wake unakaribia kutimia. Bado tunasikia mizinga, mbali zaidi. Papa Mdogo kila jioni anakaa na vijana wanaobeba watu kwa pikipiki hapa njiani, anawahadithia jinsi yaya wake alivyokataza raba kwenye resori, na anaongeza maneno ambayo hata mimi sikuyasema. Jana nilikuta vipande vya raba vimetupwa kando ya barabara. Wawili wamekwisha kutoa vyao.

Ninakuahidi nitakata kiraba kipya kwa mikono yangu, nitatia mafuta, na hakuna mtu atakayepakiwa juu ya gunia kwenye pikipiki ile nikiwa hai. Na mtoto akija, nitamwambia ulivyocheka ukipiga kiti.

Sijamwuliza Mama. Sijui kama ulimwambia kweli usiku mmoja, umechoka, mgongo unakuuma, au kama alisimama pale mlangoni akanibebea nusu ya uongo wangu. Naogopa majibu yote mawili. Wewe unajua. Pumzika na jibu hilo, Papa, usilitoe. Na ukimtokea Papa Mdogo ndotoni, naye akakushukuru kwa neno lile, nakuomba, itikia tu.