Ulipokufa Ndipo Walipokuita Mwenyeji

Mume wangu, Baba Atu,

Kamwene. Nakusalimia kwa Kihehe chenu, ingawa siku zote ulikicheka, ukisema kikitoka kinywani mwangu kinakuwa cha Mnyakyusa mwenye mafua. Nina habari za kesi yako, na sitaki uzipate kwa mtu mwingine.

Lori la kampuni ya nyama lilikugonga Jumapili ukitoka kanisani, huko Marekani ulikokwenda kufanya kazi ya kutunza wazee, kwenye kivuko, mahali penyewe pa kuvukia. Mpaka hapo unajua. Usilolijua ni kwamba kampuni ilisema ulivuka bila kuangalia. Wewe! Wewe uliyekuwa ukinishika mkono pale Uyole hata barabara ikiwa tupu, nami naona haya, nakwambia, "Niachie bwana, watu wanatuangalia." Ukanijibu, "Waache waangalie. Mimi naangalia magari."

Wenzako wa kule walinitafutia wakili, mama mmoja mwenye sauti ya upole na maneno makali. Alinieleza kwamba Marekani kuna mahakama za majimbo, na kuna mahakama za shirikisho. Katika mji ule mdogo ulikokuwa ukiishi, karibu kila nyumba ina mtu anayekula kwa kampuni ile, na wanaoamua kesi ni raia wa kawaida wanaoitwa kutoka hapohapo. Lakini sheria yao inamruhusu raia wa nchi nyingine, akiishtaki kampuni ya jimbo, aende mahakama ya shirikisho, asije akahukumiwa na majirani wa mpinzani wake.

"Basi twende huko," nikamwambia.

Tukaenda. Kampuni ikaweka pingamizi. Ilidai kwamba kesi ya marehemu hufuata makazi yake, si ya mjane wake, kwamba ulikuwa na kibali cha ukaaji wa kudumu, na kwamba makazi yako halisi yalikuwa jimboni kwao. Kwa hiyo kisheria ulihesabiwa mwenyeji kama wao, na wenyeji kwa wenyeji wamalizane nyumbani, kwenye mahakama ya palepale. Nilicheka, Baba Atu, kicheko kibaya. Si wewe uliyenipigia simu ukasema umewaogesha na kuwalisha wazee wa mji ule mpaka mgongo unauma, na bado hata jirani wa mlango wa pili anakuita "yule Mwafrika"? Ulipokuwa hai ulikuwa mgeni. Ulipokufa, ghafla ukawa mwenzao.

Swali likabaki moja tu: je, ulikusudia kurudi?

Nikwambie ukweli, swali hilo nilikuwa nalo kabla yao. Hapa Kilolo watu walishasema umeoa huko. Nilikuwa nikipalilia viazi huku nabishana nao kichwani, siku nyingine nawashinda, siku nyingine wananishinda. Kwa hiyo nilipoitwa kuhojiwa kwa video, kwenye ofisi ya wakili mmoja wa hapa pale Iringa mjini, sikuogopa Wazungu. Niliogopa kusikia jambo lako ambalo sikulijua.

Wakili wa kampuni alikuwa kijana, tai imemkaba. Mkalimani alikaa kando yangu.

"Mumeo aliwaambia wenzake kanisani kwamba kule ni kwake," akasema. "Unakataa?"

"Sikatai."

Nikamwona wakili wetu kwenye kioo cha kompyuta ameinua kichwa.

"Ugenini mtu husema hivyo ili asogezewe nafasi kwenye benchi," nikaendelea. "Baba yangu alichimba dhahabu Chunya mpaka akaota mvi. Alisema Chunya ni kwake, na watu wa kule wakampa hadi uongozi wa mtaa. Alipougua akasema, nirudisheni Tukuyu."

"Tunamzungumzia mumeo, si baba yako."

"Haya, mume wangu. Likizo yake ya mwisho alibeba tofali kwa mikono yake, tukapandisha nyumba. Tukagombana mbele ya mafundi kuhusu bati, mimi nataka jekundu, yeye anataka la kijani. Siku mbili hatusemezani! Mtu asiyekusudia kurudi hagombani na mkewe kuhusu bati. Anamwachia achague."

Mkalimani akatafsiri huku anajizuia kucheka. Yule kijana akapekua makaratasi yake, kisha akauliza, "Kwa hiyo unasema hakuipenda nchi yetu?"

"Aliipenda. Aliwahudumia wazee wenu kama mama yake mzazi. Kupenda si kuhama."

Niliposema hayo, mume wangu, nami niliyasikia. Maneno yale hayakuwa ya kumshinda yule kijana peke yake. Wale niliokuwa nikibishana nao shambani nao walinyamaza, na hawajarudi tena.

Jaji ameamua. Amesema ulikaa kwao, lakini makazi yako hayakuhama Kilolo, kwa hiyo kesi inabaki mahakama ya shirikisho. Usishangilie bado. Hajasema nani alikosea barabarani. Amesema tu wapi tutasikilizwa. Lakini kampuni imeelewa kwamba sasa hawataamua majirani zake peke yao. Haikupita muda wakaleta neno: tumalize kimyakimya, watatoa kifuta machozi, mradi nikubali kwamba ulivuka kwa uzembe.

Wakili akaniuliza awajibu nini. Nikamwambia, "Wewe wajibu hapana kwa Kiingereza. Kiswahili, Kihehe na Kinyakyusa niachie mimi." Akataka kujua kama nimefikiri vizuri, maana tunaweza kushindwa tukakosa vyote. Nimefikiri. Atu anaanza kufanana nawe mpaka mwendo. Siwezi kumlisha kwa uongo juu ya baba yake, halafu nikamfundisha kuvuka barabara.

Mwezi ujao tunapanda ndege kwenda mahakamani kule, mimi na yeye. Jana nilikwenda kumuaga mama yako. Nikaanza kulia, akaniacha nilie mpaka nikamaliza, akanipa maji ninawe uso. Kisha akasema, "Machozi yaishie hapahapa, mwanangu. Kule nenda ukaseme."

Nimenawa. Naenda kusema.

Pumzika, mtu wa Kilolo.

Mkeo,
Mama Atu